Mstari wa 214

Saa nane kasoro robo usiku, Brno,
theluji imeganda kwenye reli za tramu,
na sisi wawili ghorofa ya pili ya ghala la dawa,
Zdislava na mimi,
tunauhamisha mfumo kutoka toleo la saba hadi la tisa.
La nane lilikuwa na kasoro. Hatulitaji.

Toleo jipya limekuja na adabu zake.
Zamani kila njia ilikuwa na faili lake,
mafaili mia moja na sita, yametapakaa kwenye seva tano
kama soksi za mtoto.
Sasa yote yamo ndani ya faili moja,
na ukibadilisha neno mfumo hauzimwi,
unajipanga huku unatembea,
kama mtu anayefunga vifungo vya koti ngazini.
Ujumbe ukikosa kufika hautupwi kimyakimya:
unawekwa foleni ya pembeni, umebandikwa
jina la aliyeutuma, saa, na kosa lililouangusha.
Mjumbe hauawi, walisema wahenga.
Juu ya ujumbe hawakusema lolote.

Tena kuna hili, Zdislava alilisoma mara mbili kwa sauti:
kila thamani lazima iandikiwe sababu.
Kisanduku kimoja, herufi mia mbili.
Ukikiacha wazi, mfumo unagoma kuwaka.

Tukajaza.
Muda wa kusubiri, sekunde thelathini: benki imetaka.
Ukubwa wa ujumbe, megabaiti nne: picha za vyeti vya daktari.
Tukaenda hivyo, chai imepoa, mpaka mstari wa 214.

Majaribio: 3. Pengo: dakika moja. Kisha: acha.
Na juu yake maneno ya Bohumír, ya mwaka 2006:
Usiguse. Nitaeleza.

Hakueleza. Alistaafu,
akahamia Třebíč na mizinga yake ya nyuki.
Miaka kumi na tisa hatukugusa.
Wakubwa wapya walikuja na vitambulisho shingoni,
wakasoma, wakapita kando,
kama watu wanavyolipita shimo
lililokwisha kuchomekewa kijiti.

"Andika 'tumeurithi'," nikasema.
"Kurithi si sababu," akasema, akainua simu.
Usiku ule!
Ikaita mara moja, mara mbili,
ya tatu mzee akapokea.

Hakuuliza ni nani.
Aliuliza, "Mia mbili na kumi na nne?"

Palikuwa na duka la dawa Znojmo,
chumba chenye tundu moja la umeme.
Kila alasiri Bi Vlasta Kocmanová
aliichomoa modemu ili achomeke birika.
Dakika mbili na nusu kwa birika dogo,
karibu tatu kwa lile la bluu.
"Nilimwomba aache," mzee akasema. "Akanijibu
kwamba anayesubiri insulini
husubiri vizuri akiwa na kikombe mkononi.
Ningesema nini? Nikaenda Znojmo,
nikapima maji yake kwa saa ya mkononi,
nikaandika tatu."

Tukazipekua njia nyingine.
Zote zilikuwa zimeinakili ile tatu.
Hospitali, malori, forodha, maghala ya Ostrava,
miaka yote hiyo yalisubiriana
kwa kipimo cha birika la bluu.

Zdislava akazifungua moja moja,
akazipa mapengo yanayorefuka, toleo jipya linaruhusu:
sekunde moja, mbili, nne, nane, kumi na sita,
kama mtu anayebisha hodi
halafu anatoka kidogo nje kuvuta hewa.
Mia moja na tano.

Ikabaki ya Znojmo, isiyokwenda popote,
duka limefungwa, jengo sasa ni la kinyozi.
Angeifuta; ruhusa alikuwa nayo.
Akakaa akiitazama, kidole juu ya kibodi.
Majaribio: 3.
Kwenye kisanduku cha sababu akaandika:
maji yanachemka.

Mfumo ukasoma, haukuuliza zaidi,
ukawaka.

Simu ilikuwa bado wazi mezani.
Mzee alikuwa anatueleza habari za nyuki.